Kilicholetwa na Mwanga

"Shusha kidevu. Kidogo. Umezidi, pandisha."

Hivyo ndivyo alivyowaamkia watu. Hata aliyeingia kuuliza njia ya kwenda stejini kupanda matatu aliambiwa kwanza ashushe kidevu, ndipo akaonyeshwa njia. Mji mzima ulimwita Mama Studio, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina alilobatizwa hakulitoa ovyo, na sioni kwa nini nilitoe mimi.

Nimeuanza ukurasa huu mara nyingi nikaufuta. Mwanzo mmoja ulikuwa mrefu, mwingine ulikuwa na neno nisilolipenda, mwingine ulikuwa mzuri mno nikautilia shaka. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, kana kwamba macho yangu yanaweza kuufuata hewani na kuurekebisha. Mama Studio aliujua ugonjwa huo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo mwanzo huu nimeuacha ulivyo, kwa heshima yake.

Studio ilikuwa chumba kirefu chembamba katikati ya Kisumu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Ukutani palikuwa na mapazia mawili ya kupigia picha. Moja lilichorwa ziwa, mitumbwi na ndege weupe. Alilichora mwenyewe alipofika Kisumu, akiwa bado anashangaa maji yale yote, maana kwao ni huko milimani, upande wa kati wa nchi. Hakuna aliyelitaka. "Ziwa naliona kila siku, Mama," wateja walimwambia. "Nipe barafu." Basi akachora pazia la pili, mlima wenye theluji, na hilo likachakaa kwa watu kusimama mbele yake. "Baridi niliikimbia kwetu," alisema, "sasa naiuza hapa."

Nilifika kwake kwa ajili ya soketi. Nyumbani umeme ulikuwa wa kubahatisha, na kompyuta yangu ilikuwa na betri iliyokufa, ikizimika kila waya ulipoguswa. Aliniuliza kama najua kupanga vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu mbele na nyimbo nyuma. Nikasema najua. Akanipa meza ya kona, soketi na intaneti yake, nami nikawa napanga vijitabu. Muda uliobaki ulikuwa wangu.

Muda huo niliutumia kutazama galaksi.

Ni vigumu kulisema hili bila kuona aibu. Sikuisomea elimu ya nyota mahali popote. Baada ya kidato cha nne nilibaki nyumbani, na yote ninayoyajua nimejifunza mwenyewe kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Aliyefundishwa anajua mahali elimu yake inapoishia. Mimi nina mashimo ambayo sijui yako wapi, na natembea kama mtu anayevuka mashamba ya mpunga ya Ahero baada ya mafuriko, bila kujua mguu unaofuata utakanyaga tuta au mfereji.

Lakini kuna jambo moja zuri. Picha za darubini zilizoko nje kabisa ya hewa ya dunia, zinazotazama nyota na galaksi za mbali, nyingi huwekwa wazi baada ya muda. Mtu yeyote anaweza kuzipakua. Watafiti wenyewe huomba watu wa kawaida wawasaidie kuzipitia, kwa sababu anga ni kubwa na macho yao hayatoshi. Siku nilipomweleza Mama Studio hayo, alishusha miwani hadi puani.

"Na wenyewe wanajua unazichukua?"

"Wanajua, Mama. Wameziacha wazi."

"Wazi namna gani? Hakuna mtu wa kulinda?"

"Hakuna."

"Hao watu hawajawahi kufungua studio," alisema, akarudi kukata picha za pasipoti.

Kuanzia hapo akaniita Nyar Sulwe, yaani binti wa nyota kwa Kijaluo. Kijaluo chake kilikuwa na lafudhi ya mlimani ambayo miaka yote ya ziwani haikuiondoa, na alikitumia bila woga, hasa kugombana. Mgomvi wake mkuu alikuwa muuza omena, yaani dagaa wa ziwani, aliyeweka meza nje ya mlango wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Walikuwa wakigombana asubuhi juu ya kivuli na saa sita juu ya harufu. Jioni waligawana chapati.

"Nyar Sulwe," muuza omena alinipigia kelele kutoka nje, "leo umeona Mungu huko juu?"

"Bado, Mama."

"Ukimwona mwambie omena imeadimika."

Wawili hao walikuwa na deni ambalo hawakulitaja. Nililijua kwa pua. Masanduku ya filamu za zamani, ambamo Mama Studio alihifadhi nyuso za mji huu tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe, yalinuka dagaa. Nilimuuliza mara moja. Akasema mwaka mmoja mji ulichafuka kwa ghasia za uchaguzi, na watu wa kwao wakalazimika kuondoka upesi. Aliondoka na mkoba tu. Aliporudi, alikuta chumba kitupu. Muuza omena akampeleka nyumbani kwake Dunga, kando ya ziwa, akafunua magunia ya dagaa, na chini yake masanduku yote yalikuwepo.

"Nilimuuliza, mbona umejisumbua? Ungeokoa kamera, kamera ni pesa. Akaniambia, 'Mama yangu yumo humo ndani.'" Mama Studio aligonga sanduku moja kwa kidole. "Na kweli yumo. Nilimpiga mimi. Alikataa kushusha kidevu."

Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Daima alicheka hivyo, kiganja mdomoni, kama mtu anayezuia kikohozi kanisani. Nilidhani ni adabu za kwao.

Alikuwa na vitu vingi visivyopatana. Alihubiri uvumilivu lakini hakuweza kungoja chai ipoe. Alikuwa mchoyo wa karatasi, akichapa picha za majaribio nyuma ya vijitabu vya marehemu wa zamani, lakini mama akileta mtoto mchanga kupigwa picha ya kwanza hakupokea kitu. Alipiga picha maisha yake yote, ila yeye mwenyewe hakupenda kupigwa. Kamera ikielekezwa kwake aligeuka kama aliyeitwa na mtu. Hata kitambulisho chake, alisema, alipigwa akiwa amekasirika.

Na kulikuwa na jambo la suti.

Wazee wengi huku hufa wakiwa na picha moja tu, na hiyo mara nyingi ni uso mdogo ndani ya picha ya harusi ya mtu mwingine, nyuma ya mabega ya watu, mdogo kama punje ya maharage. Familia huja ikitaka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Mama Studio aliutoa uso ule kundini, akaukuza, na chini ya shingo akampa marehemu suti. Alikuwa na suti nyingi kwenye kompyuta, na tai za kila rangi. Wavuvi waliokuwa hawana hata koti walizikwa wakiwa wakurugenzi. Lakini uso hakuugusa. Ukiwa na ukungu aliuacha na ukungu wake. Vumbi la karatasi na mikwaruzo aliondoa, lakini kila alipokuta nukta asiyoijua alisimamisha kazi na kuuliza familia: hii ni kovu lake, au ni uchafu? Hakufuta kitu mpaka apate jibu.

"Nakupa kile mwanga umeleta," aliwaambia. "Kile haujaleta siwezi kukupa."

"Na suti ililetwa na mwanga gani?" nilimuuliza siku moja.

"Suti ni nguo," alisema bila kuinua macho. "Uso ni uso."

Sikulielewa jambo hilo mpaka siku ya meno.

Alikuja kijana mmoja kutoka Pap Onditi na nyanya yake aliyefiwa na mume. Kijana alikuwa amevaa viatu vipya na alikuwa na haraka. Alisema kazi ni ya kuchapa tu, picha ya babu ameshaitengeneza. Aliutoa uso kwenye picha ya harusi, akaipa programu ya simu, ikausafisha yenyewe. Akatuonyesha. Lazima nikiri kwamba nilivutiwa. Ngozi iling'aa, macho yalikuwa na nukta ya mwanga, kila unywele wa ndevu ulikuwa mahali pake. Nilimwonea wivu kijana yule.

Mjane akaomba aone. Kijana akamshikia simu.

"Huyu ni nani?"

"Ni babu, Dani," alisema kijana. Dani ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kijaluo.

Mama mzee akaisogeza simu, akaivuta, akaisogeza tena. "Meno haya alitoa wapi?"

Kwenye picha ile mzee alikuwa ametabasamu kidogo, na katikati ya midomo palikuwa na safu mbili za meno meupe, juu na chini, kamili kabisa.

"Dani, simu imemsafisha tu."

"Mume wangu aling'olewa meno ya chini akiwa kijana, kama wazee wote wa rika lake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Nimekula naye mpaka nimezeeka, sijaona hayo meno. Amekufa Jumanne, akaota meno Jumatano?"

Nje muuza omena aliangua kicheko mpaka akashika meza. Mama Studio naye alikuwa na kiganja mdomoni, mabega yakitikisika. Lakini alipokiondoa hakuwa akicheka tena. Alimgeukia kijana kwa upole.

"Simu haikumjua babu yako. Ilipofika mahali haioni, ikamkopesha mdomo wa mtu mwingine. Haikukusudia ubaya. Nipe ile ya kwanza."

Alichapa uso wa kwanza, wenye ukungu, mdomo ukiwa kivuli tu. Mjane aliupokea kwa mikono miwili. Aliutazama muda mrefu.

"Huyu sasa namjua," alisema. "Hata amekasirika."

Mzee akazikwa na picha hiyo. Na suti ya kijivu, bila shaka, na tai nyekundu.

Walipoondoka nilirudi kwenye kona yangu nikifanya kama napanga nyimbo. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na doa.

Nieleze vizuri. Darubini kubwa ya sasa hutazama kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni, mwanga wa aina ya joto. Picha zake hutoka zikiwa za kijivu, kila kichujio, yaani kioo kinachopitisha aina moja tu ya mwanga, na picha yake. Rangi tunazoziona magazetini huvalishwa baadaye na watu. Ndiyo suti. Umbo na kiasi cha mwanga ndio uso. Sasa, mwanga wa galaksi ya mbali sana husafiri muda mrefu huku ulimwengu ukitanuka, na njiani huvutwa ukawa mwekundu, kisha ukapita hata wekundu. Kwa hiyo galaksi isiyoonekana kabisa kwenye vichujio vya mwanga mfupi, ule wa mawimbi mafupi, lakini ikatokea kwenye vichujio vya mwanga mrefu, huenda ni ya mbali mno, mwanga wake uliondoka wakati ulimwengu ulikuwa mchanga.

Doa langu lilikuwa hivyo. Pembeni mwa picha moja, dogo kama chenga ya mchele, halikuwepo huku na lilikuwepo kule. Sikuliona kwenye orodha yoyote niliyoweza kuipata. Nilikuwa nimelisafisha. Nililainisha kingo zake na kuondoa chembe zilizolizunguka, mpaka likawa duara zuri. Siku ile ya meno nililitazama duara langu nikajiuliza ni lipi limeletwa na mwanga na ni lipi nimeliongeza mimi. Nikafungua picha ghafi, nikaanza upya.

Doa ghafi lilikuwa baya, la pembepembe, limeinama upande. Lakini lilikuwepo.

Watafiti walikuwa na ukurasa ambapo msaidizi yeyote anaweza kutuma alichokiona. Kilichotakiwa ni mahali, vipimo na maelezo mafupi. Niliandika maelezo yangu. Kisha sikutuma. Niliyarekebisha msimu wa mvua ndefu, nikayarekebisha ukame, nikajifunza njia nyingine ya kupima nikapima tena. Niliogopa jambo moja tu: kwamba mtu aliyesoma, mahali fulani, atafungua kazi yangu na katika mstari wa kwanza ataona lile shimo nisilolijua mimi. Kwamba nitajulikana kuwa si mtu wa nyota, ni mpanga vijitabu vya mazishi tu.

"Umetuma?" Mama Studio aliuliza kila asubuhi, kama wengine wanavyouliza umelalaje.

"Bado kidogo, Mama."

"Hata mkate huungua kwa bado kidogo."

Kisha simu zikaimaliza studio. Watu walijipiga wenyewe, wakajisafisha wenyewe, wakachapa penye bei ya chini. Siku ya kuhama tulibeba masanduku hadi kwenye mkokoteni wa kwenda Dunga, muuza omena akitoa amri ambazo hakuna aliyezitii. Bwana wa kukusanya ufunguo kwa niaba ya mwenye nyumba alisimama mlangoni. Palibaki kiti kimoja tu na kompyuta yangu sakafuni, waya wake ukiwa bado ukutani. Mama Studio akaketi kwenye kile kiti.

"Mama, tunafunga," alisema yule bwana.

"Sifungi. Huyu msichana ana kitu cha kutuma."

"Mama, tafadhali," nilisema. "Nitatuma nyumbani."

"Nyumbani kwenu hakuna stima. Bwana, nipe dakika zako, unazo nyingi, nakuona." Akanigeukia. "Wewe, nani amekuambia wanataka meno yote? Andika: hapa naona, hapa sioni vizuri. Halafu tuma."

"Na kama si kitu?"

"Watakuambia si kitu. Kwani utakufa? Mimi nimewaambia watu wengi hiyo si kovu, ni kinyesi cha nzi. Wamerudi nyumbani wazima."

Muuza omena alikuwa amesimama nyuma ya bwana wa ufunguo, akichungulia. "Tuma basi, jua linachoma samaki!"

Niliongeza sentensi moja mwishoni, kwamba mimi si mtaalamu, na kwamba huenda ni kitu cha karibu kilichonidanganya. Nikabonyeza. Mama Studio akasimama, akampa bwana ufunguo, akaung'oa waya wangu ukutani mwenyewe.

"Wakijibu," alisema, "njoo Dunga. Jibu lolote. Nitakaa kwenye kiti, unipige picha. Ya mazishi. Sitaki kutolewa kwenye harusi ya mtu."

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, nilipokuwa nimeshajizoeza kutolingoja. Lilikuwa fupi na la adabu. Niliondoka nalo asubuhi kwenda Dunga, nikiwa na kamera yake ya zamani ya dijitali aliyoniachia, na njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kulisema ili lisionekane kama kushindwa.

Alikuwa ameketi kwenye ua wa muuza omena, ambako sasa alikuwa na chumba chake, akichambua dagaa kwenye sinia. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa ya taratibu. Boti zilikuwa zimeshapakua, na wanawake wakigombania beseni ufukweni.

"Shusha kidevu," alisema aliponiona. "Wamejibu."

"Wamejibu, Mama."

"Wanasemaje?"

"Si ya mbali kama nilivyodhani. Ni ya karibu zaidi. Ina vumbi jingi. Vumbi linazuia ule mwanga mfupi, linaacha mwekundu, kama jua la kule Kibos wanapochoma miwa. Wanasema ni kosa ambalo hata wao hulifanya." Nilishusha kamera begani. "Kwa hiyo nilikosea."

Aliendelea kuchambua. Dagaa mmoja, mwingine.

"Lakini iko?"

"Iko. Wameiweka kwenye orodha ya zile za kutazamwa tena. Wameshukuru."

"Iko, na ulipoiona hakuna mwingine alikuwa ameitaja?"

"Hakuna."

"Sasa unalia nini?"

Sikuwa nimejua kwamba nalia. Alinisogezea sinia, nikachambua naye, na hakusema tena neno juu ya galaksi, jambo ambalo namshukuru kuliko maneno yote. Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile kwamba watu wengi wangeweza kunipa soketi. Wachache wangenipa mahali pa kukosea.

Baadaye akanawa mikono, akafunga kitambaa kipya kichwani, akaketi kwenye kiti mbele ya ukuta. Nilirekebisha kiti. Nilirekebisha mwanga. Nilirekebisha kiti tena.

"Nyar Sulwe."

"Ndiyo, Mama. Shusha kidevu. Kidogo."

"Umezidi," alisema muuza omena kutoka jikoni. "Pandisha!"

Mama Studio akacheka. Kiganja kiliinuka, lakini kilikuwa kimechelewa. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Nilitazama kwenye kioo cha kamera. Macho yalikuwa yamefumba nusu, mkono ulikuwa ukungu chini ya shavu, na mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mbele, juu, palikuwa na pengo jeusi la jino ambalo miaka yote ile sikuwahi kuliona.

"Mama, nirudie. Umefumba macho."

"Lete nione."

Alishusha miwani puani. Alijitazama muda mrefu, kama mjane wa Pap Onditi alivyomtazama mzee wake. Muuza omena alikuja akachungulia juu ya bega lake.

"Acha hiyo," alisema Mama Studio. Akanirudishia kamera. "Suti niwekee, ya samawati. Jino usiniwekee."